Kampuni ya kigeni isiyosajiliwa nchini hushtakiwa wapi?

WAKENYA waliopiga foleni ndefu katika jumba la KICC jijini Nairobi mapema Agosti 2023 ili mboni za macho yao zipigwe picha hawakuwa na haja ya kuuliza kampuni iliyowaita ilisajiliwa wapi.

Walichojua ni kwamba kila aliyekubali aliahidiwa sarafu za kidijitali ambazo thamani yake wakati huo ilikuwa takriban Sh7,000.

Swali la usajili liliulizwa baadaye, na wabunge. Kamati ya Bunge la Taifa iliyochunguza mradi huo wa Worldcoin iliripoti mwaka huo huo kwamba kampuni zilizouendesha, Tools for Humanity ya Marekani na mwenzake wa Ujerumani, hazikupatikana katika rekodi za Idara ya Usajili wa Biashara (BRS).

Hapo ndipo wengi walipong'amua kwamba kuna sheria inayoitaka kampuni iliyoundwa katika nchi nyingine ijiandikishe kwanza kabla ya kuanza biashara nchini Kenya. Sheria yenyewe si mpya. Imekuwapo, kwa sura moja au nyingine, tangu enzi za mkoloni.

Kwa kawaida jambo hili huonekana kuwa shughuli ya makarani tu: kujaza fomu, kulipa ada, kupewa cheti na kukitundika ukutani. Wawekezaji hulilalamikia kama urasimu, nayo serikali hulihesabu miongoni mwa vijito vyake vya mapato.

Historia yake, hata hivyo, inaonyesha jambo tofauti. Usajili wa kampuni ya kigeni ulitiwa nguvu kwa sababu moja kubwa: mtu aliyedhulumiwa na kampuni iliyotoka mbali apate mahali pa kuipelekea samansi, na mtu wa kuipokea. Ni katika jambo hilo hasa ambapo sheria za nyakati hizi, za Kenya na za mataifa makubwa vilevile, zimebaki nyuma ya biashara yenyewe.

Huenda hakuna nchi iliyobishana juu ya suala hili kuliko Marekani. Sababu ni rahisi. Taifa hilo lina majimbo 50, na kila jimbo lina sheria yake ya kampuni na msajili wake. Kampuni iliyoundwa Georgia ikivuka mpaka na kuingia Alabama huitwa ya kigeni, ingawa bendera ni moja na sarafu ni moja.

Mzozo wa kwanza mkubwa ulifika katika Mahakama ya Juu ya nchi hiyo mwaka 1839. Benki ya Augusta, ya jimbo la Georgia, ilikuwa imenunua hati za malipo huko Alabama. Mfanyabiashara mmoja wa mji wa Mobile alikataa kulipa, akidai kuwa benki ya jimbo jingine haikuwa na mamlaka yoyote ya kufanya mkataba Alabama.

Jaji Mkuu Roger Taney alikubali kwamba kampuni ni kiumbe wa sheria iliyomuumba, na kwamba haiwezi kuhama makao yake na kwenda kuishi chini ya dola nyingine. Lakini, akasema, inaweza kuwatuma mawakala wake kwingineko, na jimbo jingine linaweza kuwapokea kwa hisani. Benki ikashinda kesi.

Neno hisani ndilo lililozaa yote yaliyofuata, kwani anayekaribisha mgeni kwa hisani anaweza pia kumwekea masharti. Mwaka 1869, katika kesi ya wakala aliyeuza bima za kampuni za New York huko Virginia bila leseni ya jimbo hilo, mahakama iyo hiyo ilisema kuwa kampuni si raia kwa maana ya Katiba, hivyo haiwezi kudai haki ya kufanya biashara popote kama afanyavyo mwananchi wa kawaida.

Baada ya hapo majimbo yalipata uhuru wa kuweka masharti, na sharti lililoenea kuliko yote lilikuwa kumteua mkazi wa jimbo atakayepokea hati za mahakama kwa niaba ya kampuni. Wakati huo nguvu za mahakama zilikomea mpakani. Mkulima wa Alabama aliyekatiwa bima na kampuni ya New York, ghala lake likiungua na kampuni ikakataa kumlipa, hakuwa na nauli ya kumfuata mdeni wake kaskazini. Wakala yule ndiye aliyekuwa mlango wake.

Taratibu zenyewe hazijabadilika sana hadi leo. Kampuni inayotaka kuingia jimbo la pili haiundwi upya. Hupeleka cheti kutoka nyumbani kuthibitisha kwamba ipo na kwamba haina deni la ada, ikaonyesha kuwa jina lake halifanani na la kampuni nyingine iliyotangulia kusajiliwa huko, ikataja ofisi na wakala, kisha ikalipa. Baada ya hapo huwasilisha ripoti kila mwaka au kila miaka kadhaa kulingana na jimbo. California, kwa mfano, hudai ushuru usiopungua dola 800 kwa mwaka, hata kama kampuni haikupata faida yoyote.

Si kila shughuli inayohitaji usajili. Kuwa na akaunti ya benki, kufanya mkutano wa wakurugenzi, au kuuza bidhaa zinazosafirishwa kutoka jimbo moja hadi jingine bila kuwa na ofisi, kwa kawaida hakuhesabiwi kuwa ni kufanya biashara jimboni. Mahali mstari huo unapopita ni chakula cha mawakili.

Adhabu nayo ina kichekesho chake. Katika majimbo mengi, kampuni iliyokwepa usajili hufungiwa mlango wa mahakama: haiwezi kumshtaki mdeni wake hadi ijisajili na kulipa malimbikizo. Mikataba yake, hata hivyo, hubaki halali, na yenyewe yaweza kushtakiwa siku yoyote.

Mfumo huu pia umezaa biashara ya anwani. Kampuni nyingi kubwa za Marekani zimeundwa katika jimbo dogo la Delaware kwa sababu ya sheria zake na mahakama yake maalum ya masuala ya kampuni. Mwaka 2012 iliripotiwa kuwa jengo moja la kawaida katika mtaa wa North Orange, jijini Wilmington, lilikuwa anwani rasmi ya kampuni zaidi ya 285,000. Ndani hamkuwa na viwanda wala maduka, ila wakala wa kupokea barua na samansi.

Kiatu kimoja

Je, kampuni isiyojisajili kabisa? Jibu la Marekani lilitokana na viatu.

Kampuni ya International Shoe iliundwa Delaware na makao yake yalikuwa St. Louis, Missouri. Kati ya 1937 na 1940 ilikuwa na wauzaji kati ya 11 na 13 katika jimbo la Washington, upande wa pili wa nchi. Haikuwa na ofisi huko. Wauzaji walipewa sampuli za kuonyesha wateja, na kila sampuli ilikuwa kiatu kimoja tu cha jozi, wala si viwili. Oda zote zilipelekwa St. Louis kukubaliwa, na mzigo ukatumwa kutoka huko.

Jimbo la Washington lilipodai mchango wa hazina ya wasio na ajira kwa ajili ya wauzaji hao, kampuni ilijibu kwamba haikuwa Washington. Haina ofisi, haina bidhaa, haikutia saini mkataba wowote pale.

Mwaka 1945 Mahakama ya Juu ilikataa hoja hiyo. Chini ya Jaji Mkuu Harlan Stone, iliamua kuwa kinachotazamwa si cheti wala jengo, bali uhusiano wa kampuni na mahali hapo. Kampuni iliyochuma jimboni kwa utaratibu na kwa muda haiwezi kulalamika ikiitwa kujibu madai yanayotokana na uchumi huohuo.

Uamuzi huo ndio unaotajwa hadi sasa kila linapozuka swali la kampuni ya mtandaoni isiyo na ofisi. Pia ulionekana kuupunguzia usajili umuhimu wake. Ikiwa uhusiano ndio kipimo, cheti ni cha nini?

Jibu la swali hilo lilichelewa hadi Juni 27, 2023, katika kesi ya Mallory dhidi ya kampuni ya reli ya Norfolk Southern.

Mlalamishi alikuwa fundi wa mabehewa aliyeitumikia reli hiyo kwa karibu miaka 20 katika majimbo ya Ohio na Virginia. Alipougua saratani alidai kuwa chanzo chake kilikuwa kemikali na vumbi la asbesto alilokumbana nalo kazini. Alifungua kesi si Ohio wala Virginia, bali Pennsylvania, ambako madhara aliyodai hayakutokea.

Hoja yake ilikuwa fupi. Norfolk Southern ilijisajili kufanya biashara Pennsylvania, na sheria ya jimbo hilo inasema waziwazi kwamba kampuni ya kigeni inayojisajili inakubali kushtakiwa huko kwa jambo lolote, popote lilipotokea.

Majaji watano dhidi ya wanne walikubaliana naye kwamba Katiba haizuii sheria kama hiyo. Jaji Neil Gorsuch alirejelea uamuzi wa mwaka 1917 kuhusu kampuni ya bima iliyofungwa na ridhaa ya aina hiyo, akasema haujawahi kufutwa. Aliongeza kwamba Norfolk Southern si mgeni wa kupita Pennsylvania. Ina zaidi ya maili 2,000 za reli huko na karibu wafanyakazi 5,000.

Jaji Amy Coney Barrett, aliyeongoza wachache, alionya kwamba majimbo sasa yataweza kuigeuza fomu ya usajili kuwa mtego, na mahakama za jimbo lolote zitasikiza kesi zisizolihusu jimbo hilo hata kidogo. Hata Jaji Samuel Alito, aliyeunga mkono walio wengi, alidokeza kwamba sheria ya Pennsylvania huenda ikaanguka siku moja kwa kuwa inaelemea biashara baina ya majimbo.

Onyo la Bi Barrett lina uzito. Lakini kuna tatizo jingine ambalo halikupewa nafasi kubwa katika mjadala wa umma. Iwapo kampuni iliyotii sheria na kujisajili ndiyo inayoweza kushtakiwa kwa kila jambo, ilhali iliyokaa kando inashtakiwa kwa yale tu yanayoligusa jimbo lenyewe, basi utiifu unaadhibiwa na ukaidi unatuzwa. Mwanasheria yeyote mwangalifu atamshauri mteja wake ipasavyo.

Ndiyo maana majimbo mengine hayakukimbilia kuiga Pennsylvania. Huko New York, Gavana Kathy Hochul alikataa kutia saini mswada wa namna hiyo mwaka 2021, na akaukataa tena mwaka 2023 baada ya uamuzi wa Mallory, akihofia kuwafukuza wawekezaji.

Daftari la Nairobi

Kenya ilirithi mkondo wa Kiingereza wa sheria hizi. Sheria ya zamani ya kampuni, Sura 486, iliyofuata kwa karibu ile ya Uingereza ya mwaka 1948, iliitaka kampuni ya kigeni iliyofungua mahali pa biashara nchini iwasilishe nakala za katiba yake na orodha ya wakurugenzi kwa Msajili katika muda wa siku 30. Miongoni mwa karatasi hizo lilikuwamo jina la mkazi mmoja au zaidi wa Kenya aliyeruhusiwa kupokea hati za mahakama. Yaani wakala yule yule wa Alabama.

Sheria mpya ya mwaka 2015 ilienda mbele zaidi. Hairuhusu kampuni ya kigeni kufanya biashara nchini kabla ya kusajiliwa au kutuma ombi la kusajiliwa, inaitaka iwe na mwakilishi wa humu nchini, na inafanya ukaidi kuwa kosa lenye faini.

Ajabu ni kwamba mjadala wa wakati huo haukuhusu mwakilishi hata kidogo. Uligubikwa na kifungu kilichodai kwamba angalau asilimia 30 ya hisa za kampuni ya kigeni inayosajiliwa zimilikiwe na Wakenya wa kuzaliwa. Kelele za wafanyabiashara zilikuwa kubwa na kifungu hicho kikafutwa muda mfupi baadaye. Ni vigumu kuona jinsi kingetekelezwa: kampuni yenye wenyehisa katika masoko ya London au Tokyo ingewezaje kugawa theluthi ya hisa zake kwa sababu tu imefungua tawi Westlands?

Kwa sababu za ushuru na za tahadhari, kampuni nyingi hazisajili tawi bali huunda kampuni tanzu ya Kenya. Tawi na mama yake ni mtu mmoja mbele ya sheria. Deni la tawi ni deni la mama. Kampuni tanzu ni mtu mwingine kabisa, hata kama mama anamiliki hisa zote. Tawi, isitoshe, lilitozwa ushuru wa asilimia 37.5 ya faida hadi mwisho wa 2023. Tangu Januari 2024 kiwango hicho kilishuka hadi asilimia 30, pamoja na asilimia 15 kwa faida inayohamishwa kwenda ng'ambo.

Kuna njia ya tatu, nayo ndiyo iliyoiletea nchi kesi zake kubwa. Kampuni ya kigeni haifungui tawi wala tanzu. Hutia saini mkataba na kampuni nyingine iliyosajiliwa Kenya, na hiyo ndiyo inayoajiri.

Ndivyo ilivyokuwa kwa wasimamizi wa maudhui ya Facebook jijini Nairobi. Vijana kutoka mataifa kadhaa ya Afrika waliajiriwa na kampuni ya Sama kutazama picha na video za mauaji, ubakaji na mateso ili ziondolewe kabla hazijawafikia watu wengine. Mei 2022, mmoja wao, Daniel Motaung kutoka Afrika Kusini, alifungua kesi katika Mahakama ya Ajira na Leba akidai kuwa kazi hiyo ilimharibu akili na kwamba alifutwa kwa kujaribu kuwaunganisha wenzake kudai haki. Hakuishtaki Sama peke yake. Alizishtaki pia kampuni za Meta za Marekani na Ireland.

Jibu la Meta lilifanana na lile la wauza viatu wa St. Louis. Haikusajiliwa Kenya, haina makao Kenya, haifanyi biashara Kenya, na kwa hiyo mahakama za Kenya hazina uwezo wa kuiita.

Hoja hiyo haikuwa ya mzaha. Mwaka 2005 Mahakama ya Rufaa ilikuwa imesisitiza, katika kesi iliyohusu kampuni ya mikopo ya ndege ya Raytheon, kwamba uwezo wa mahakama za Kenya juu ya mshtakiwa aliye nje ya nchi huanza pale anapofikishiwa samansi kwa utaratibu na kwa ruhusa ya mahakama, au anapojitokeza mwenyewe. Ni utaratibu wa kusubiri na wenye gharama, ambao mtu asiye na wakili hawezi kuumudu. Kwa kampuni iliyosajiliwa hauhitajiki. Samansi hupelekwa kwa mwakilishi na mambo yakaisha.

Februari 6, 2023, Jaji Jakob Gakeri aliamua kwamba Meta haiwezi kuondolewa katika kesi hiyo. Mwezi uliofuata wasimamizi wengine, ambao idadi yao baadaye ilizidi 180, walifungua kesi ya pili baada ya kuachishwa kazi, na Aprili mahakama ikasema kwamba nayo itasikizwa. Meta ilikata rufaa. Septemba 20, 2024, Mahakama ya Rufaa ilitupilia mbali rufaa hizo.

Kesi ya tatu ilikuwa katika Mahakama Kuu. Miongoni mwa walalamishi alikuwa mwana wa profesa wa kemia wa Ethiopia aliyeuawa Novemba 2021 baada ya kuandamwa kwenye Facebook, akidai kwamba mfumo wa mtandao huo ulieneza chuki wakati wa vita. Meta ilirudia pingamizi lake. Aprili 2025 mahakama ilisema ina uwezo wa kuisikiza.

Kwa hivyo mara tatu mahakama za Kenya zimefika mahali alipofika Jaji Mkuu Stone mwaka 1945: kutokuwepo katika daftari la Msajili si ngao. Wanaharakati walishangilia, na walikuwa na haki ya kufanya hivyo.

Lakini itazamwe kalenda. Tangu Bw Motaung alipofungua kesi hadi Mahakama ya Rufaa ilipotoa uamuzi ilipita zaidi ya miaka miwili, na muda wote huo kilichokuwa kikibishaniwa zaidi ni iwapo Meta inaweza kuitwa kortini. Hakuna jaji aliyekuwa ameamua iwapo mtu yeyote alidhulumiwa. Karatasi moja katika ofisi ya Msajili, yenye jina la mwakilishi na anwani yake, ingeyamaliza mengi ya hayo asubuhi moja.

Serikali haiwezi kudai kwamba haikujua kuna kampuni zinazochuma nchini bila ofisi. Ilijua mapema sana, kwa upande wa ushuru. Januari 2021 ilianza kutoza ushuru wa huduma za kidijitali wa asilimia 1.5 ya mapato ghafi ya kampuni za kigeni. Mwishoni mwa Desemba 2024 ushuru huo ulibadilishwa na mwingine unaolenga uwepo mkubwa wa kiuchumi, ambapo asilimia 10 ya mauzo huchukuliwa kuwa faida na kutozwa asilimia 30, yaani asilimia tatu ya mauzo.

Kwa maneno mengine, Mamlaka ya Ushuru (KRA) haihitaji kuona jengo wala cheti ili iamini kwamba kampuni ipo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 nayo inawagusa walio nje ya nchi wanaotumia data za watu walio Kenya. Hazina Kuu ilijitengenezea mlango wake na Kamishna wa Data akapewa wake. Mfanyakazi na mteja ndio walioachwa wakipiga hodi.

Baadhi ya wanauchumi husema kwamba kudai usajili kutazifanya kampuni za teknolojia ziihame Kenya na kuelekea Kigali au Accra. Hofu hiyo isipuuzwe, hasa kwa vijana wanaotegemea kazi hizo. Hata hivyo, kampuni iliyokwisha kukubali kutozwa ushuru wa mauzo yake nchini haiwezi kuvunjwa moyo na sharti la kutaja jina la mtu wa kupokea barua. Kinachozitisha ni kesi zenyewe, na hizo tayari mahakama zimeziruhusu.

Tena hatari iliyoonekana Pennsylvania inaepukika. Sheria yaweza kusema wazi kwamba mwakilishi wa kampuni ya kigeni hupokea samansi kwa madai yanayotokana na shughuli zake nchini au yanayowahusu walioathirika humu, na si kwa kila kisa cha dunia. Hapo anayejisajili hapotezi zaidi ya yule aliyejificha.

Majirani

Suala hili linazigusa kampuni za Kenya pia, kwa upande wa pili wa meza.

Benki za KCB na Equity zimeenea Uganda, Tanzania, Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na kila mahali zimelazimika kuunda au kununua kampuni ya pale na kuomba leseni kwa benki kuu ya pale. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutekelezwa Julai 2010, inaahidi haki ya raia na kampuni za nchi wanachama kuanzisha biashara katika nchi nyingine wanachama bila ubaguzi. Katika ofisi za wasajili, lakini, kampuni ya Nairobi ikifika Dar es Salaam bado ni ya kigeni, kama ile ya Georgia ilivyokuwa Alabama.

Julai 2025 Tanzania ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya biashara za aina 15, zikiwemo huduma za pesa kwa simu na saluni, na wafanyabiashara wa Kenya wakalalamika kwamba itifaki imekanyagwa. Malalamiko hayo yangekuwa na nguvu zaidi lau jumuiya ingekuwa na daftari moja, ambamo kampuni iliyosajiliwa Kampala au Mombasa ingetambuliwa kote kwa kuongeza tu jina la mwakilishi wa kila nchi. Marekani yenyewe, kwa miaka karibu mia mbili, haijafika huko.

Kuhusu Worldcoin, Mahakama Kuu iliamuru Mei 2025 kwamba data za macho na nyuso zilizokusanywa zifutwe katika muda wa siku saba, chini ya usimamizi wa Kamishna wa Data. Kesi hiyo ililetwa na Taasisi ya Katiba, shirika lenye mawakili wake. Miongoni mwa waliopiga foleni KICC, ni wachache mno wangejua waanzie wapi.

Nao walalamishi dhidi ya Meta, baada ya kushinda mara tatu, walikuwa wamejipatia ruhusa ya kuanza. Ushahidi wa kilichotokea ndani ya zile ofisi za Nairobi ulikuwa bado haujasikizwa.